Kizibo, Njiti na Kiberiti

Niseme mapema, kabla mtu mwingine hajalisema vibaya kuliko mimi: nilimkata nyanya yangu mikono kwa wembe.

Polisi watulie. Kukhu, ndivyo tunavyomwita nyanya kwetu, alizikwa kabla sijazaliwa. Mikono niliyoikata ni ya kwenye picha. Picha yenyewe ilitundikwa ukutani sebuleni, juu ya televisheni, ndani ya fremu ya mbao yenye kioo. Kukhu amesimama kwenye studio moja hapa Eldoret, nyuma yake pazia lililochorwa maporomoko ya maji na minazi, mti ambao kaunti yetu nzima ya Uasin Gishu haina hata mmoja. Kando yake ni Mama, miaka saba, siku ya kuanza shule, soksi moja juu na nyingine imekata tamaa. Wameshikana mikono kwa nguvu kama watu wanaovuka barabara. Hakuna picha nyingine ya Kukhu duniani isipokuwa ya kitambulisho, na kwa ile ya kitambulisho anaonekana kama mtu anayesingiziwa wizi wa kuku.

Sikuwa na ubaya na Kukhu. Nilitaka kadibodi.

Ilianza Jumapili moja ya likizo ya Agosti. Anko, kakake Mama anayeendesha lori huko Uarabuni, alipiga simu kusema anakuja nyumbani Jumapili inayofuata, na kwamba karibu na anapolala kuna duka la kamera kuukuu. Alikuwa amesikia malalamiko ya Mama kwamba simu yake imejaa picha nilizopiga za mbwa wa mtaa. Duka lilikuwa na kamera tatu ndogo za kuingia mfukoni, zile za kupigia watu picha barabarani. Kila moja ina lenzi moja tu iliyokwama hapo milele: haivuti kitu karibu, haikisukumi mbali, haifunguki ukaweka nyingine. Ya kwanza ni ya milimita ishirini na nane, ya pili arobaini, ya tatu hamsini. Nichague namba moja, nimwambie Jumamosi, maana akishapanda ndege hakuna kurudisha.

Mama hushona sare za shule kwenye veranda ya duka mjini, na hakuna kitu anachoamini bila kukishika. Kwa hivyo nilimwekea mezani vitu vitatu: kizibo cha soda, njiti ya kiberiti, na kiberiti chenyewe. Nikamwelezea hesabu niliyoipata mtandaoni. Ukitoboa kwenye kadi tundu la milimita thelathini na sita kwa ishirini na nne, halafu ulishike mbele ya jicho umbali wa kama upana wa kizibo, unaona kile ambacho lenzi ya ishirini na nane ingeona: pana, mtu na majirani zake wote na mbingu juu yao. Ulishike umbali wa urefu wa njiti, hiyo ni arobaini. Urefu wa kiberiti ni hamsini, na hapo dunia inabana, mtu wa ng'ambo ya barabara anakuja bila ukoo wake.

Mama aliviangalia kama mtu anayeuziwa dawa ya meno na mhubiri. Akasema basi ya kizibo ni ya mtu anayesogea, na ya kiberiti ni ya mtu anayechungulia. Nikamwambia wataalamu hawasemi hivyo. Akasema wataalamu wakija atawapa sketi waipinde.

Halafu akatoa sheria.

"Ukiniharibia kitu kimoja ndani ya hii nyumba kabla ya Jumapili," alisema, "hiyo kamera inaenda Kesses."

Kesses kuna binamu yangu. Binamu huyo hupiga soksi pasi. Akipewa kamera, atampiga picha mwalimu mkuu akiwa amekunja mikono, na ataiweka kwenye mfuko wake wa plastiki ule ule iliokuja nao mpaka azeeke. Sikuwa tayari kuona jambo hilo.

Jumatatu asubuhi Mama alipoenda kazini, nilijaribu kutoboa boksi la biskuti. Likapinda. Nikajaribu jalada la daftari, nalo likawa na kingo kama zilizotafunwa na panya. Ndipo macho yangu yakaenda ukutani. Nyuma ya kila fremu ya zamani kuna kadibodi nyeusi, ngumu, iliyonyooka kama kamanda. Nilishusha fremu, nikang'oa vijimisumari, nikaitoa kadibodi na kuilaza mezani kifudifudi. Nilidhani picha imebaki imeganda kwenye kioo, kama ninavyojua picha za zamani hufanya. Sikuangalia kioo. Nilikuwa na haraka ya kuwa msanii.

Nilipima kwa rula. Nilikata kwa wembe wa Mama wa kufumulia mishono, polepole, pembe nne safi kabisa, na nikajipongeza kwa sauti. Halafu nikaigeuza kadibodi. Kukhu alikuwa ananiangalia. Miaka yote hiyo alikuwa ameganda upande wa kadibodi, na sasa kati yake na Mama palikuwa na dirisha. Kipande kilichodondoka mezani kilikuwa na mikono miwili iliyoshikana, imejaa kipande chote, hakuna kilichozidi. Mtu angelipwa kupanga picha hivyo asingeweza.

Mtu mwenye akili angekimbilia gundi. Mimi nilifikiri hivi: hasara imeshatokea, na tundu limenyooka, kutolitumia itakuwa dhambi ya pili.

Kwa hivyo nikaweka utaratibu. Kila asubuhi Mama akishatoka, natoa kadibodi, naitumia mjini. Kila jioni kabla hajarudi, narudisha kipande kwenye tundu, nakibana kwa selotepu kwa nyuma, natundika. Picha ilikuwa juu sana, na Mama akirudi huwa anaangalia habari, haangalii ukuta.

Sasa, kuhusu hizo namba. Shuleni kwetu kuna klabu ya picha yenye wanachama kumi na sita na kamera moja, ambayo mlango wake wa betri umefungwa kwa raba ya kufungia sukuma wiki. Kwa sababu hatuna kitu cha kupigia picha, tumebobea katika kubishana. Mwenyekiti wetu huongea kwa pua. Yeye husema fremu ya ishirini na nane "inapumua". Kuna mwingine, yuko kidato cha pili na hajawahi kupiga picha iliyo wima, huyo ni wa hamsini kufa kupona. Anasema hamsini ni jicho la mwanadamu, kana kwamba sisi wengine tunatumia la mbuzi. Likizo ikifika ugomvi unahamia WhatsApp. Wote wamefunzwa na mzungu mmoja wa mtandaoni mwenye skafu, anayetembea kwenye mji ambao watu wanapita kama hawana kwao, anawawekea kamera puani na hakuna anayemuuliza ametumwa na nani.

Mimi kwenye hiyo klabu nilikuwa nimetangaza, kwa maandishi, kwamba mwanaume hupiga kwa ishirini na nane. Wengine ni waoga. Nilipata emoji nyingi za moto.

Basi Jumatatu hiyo nikaenda mjini na kizibo.

Ukweli kuhusu ishirini na nane ni huu: ukisimama mbali inakuonyesha mabango. Bango la wakili, bango la mganga wa nguvu za kiume, bango la chuo cha udereva, nyaya za stima, mawingu ya mvua, na chini kabisa, wadogo kama sisimizi wa kanisani, watu. Ukitaka mtu awe mtu, lazima usogee mpaka hatua mbili. Mzungu wa skafu hakutaja kwamba hatua mbili ndio umbali ambao mkono wa mtu unafika.

Nilimchagua mama mmoja wa mahindi ya kuchoma karibu na steji ya matatu. Nilisogea, kadibodi imegusa kope, jicho moja limefumbwa. Kwenye tundu akaingia yeye, jiko, moshi, ndoo ya chumvi na pilipili, na mteja aliyekuwa akichagua hindi kama anachagua mke. Ilikuwa nzuri, sikatai. Kisha tundu zima likajaa uso wake.

"Unanipima nini," akaniuliza, "jeneza?"

Nikamwambia ni mradi wa shule.

"Na huyo mama kwa karatasi ni nani? Mbona amekuweka jicho tumboni?"

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba picha ilikuwa inatazama nje. Mji mzima ulikuwa unaona bibi na mtoto wakitembea barabarani bila mikono, na katikati yao jicho langu linazunguka. Waendesha boda boda waliokuwa wakingoja abiria walilala juu ya pikipiki zao kwa kicheko. Mmoja akaniita daktari wa macho. Mwingine akasema, "Wachana naye, buda, huyo ametumwa na kanjo kupima vibanda," na neno hilo kanjo, yaani askari wa kaunti wanaobomolea watu biashara, halitamkwi ovyo pale. Wachuuzi watatu wakaanza kukunja turubai. Mama wa mahindi akachukua ile koleo yake ya makaa, bila hasira, akaishika tu.

Niliondoka kwa heshima, kwa mwendo ambao wakimbiaji wetu hulipwa kuukimbia.

Jumanne nilibandika juu ya picha karatasi yenye tundu, ya kubanduliwa kila jioni, nikaenda na kiberiti. Nilisimama kwenye ngazi za benki, ng'ambo, na barabara nzima kati yangu na binadamu. Lo, raha. Hamsini ilimleta mama wa mahindi pale pale, yeye na jiko lake na ndoo yake, bila mabango, bila boda boda, bila koleo kunihusu. Alijikuna. Alihesabu vidole akipanga kitu kichwani. Alipiga miayo mpaka nikaona jino lililokosekana, na hakujua. Nilijiona bwana mkubwa. Nilikaa pale saa mbili, nikichungulia watu, na lori zilizobeba mahindi zikipita katikati kila nilipopata kitu kizuri. Askari wa benki akaniuliza ninangoja nani. Nikamwambia shangazi. Akasema shangazi huyo ana miguu mizito.

Jumatano ilikuwa ya njiti. Arobaini haina la kusema. Unaona unachoona. Ni kama kula ugali kwa ugali. Wanaoisifia mtandaoni husema ni lenzi ya mtu aliyekomaa, na mtu akianza kusifia ukomavu ujue hana kingine. Nilitembea nayo mpaka sokoni, sikufukuzwa, sikufurahi, nikarudi nyumbani kukinyesha.

Kwa hivyo uamuzi ulikuwa rahisi na wa aibu. Nilitaka hamsini. Mimi, niliyewaita wenzangu waoga kwa maandishi. Mimi ni mtu wa kurusha mzaha kutoka kiti cha nyuma. Darasani nikiitwa mbele niseme ule ule, ulimi unakauka. Niliamua kumwambia Anko hamsini, na klabu niwaambie duka lilikosa ishirini na nane.

Jumatano hiyo hiyo jioni, nikirudisha kadibodi kwenye fremu, sikukiona kipande. Mikono ya Kukhu haikuwa ndani ya mkebe wangu wa vifaa vya hesabu, ninaotembea nao, nilimoiweka. Nilitafuta chini ya kochi, nyuma ya televisheni, ndani ya viatu. Nilitafuta mpaka kwa kuku, ambao hula kila kitu. Mama akawa anafungua geti. Nilitundika fremu ikiwa na tundu lake, nikaning'iniza kitambaa cha televisheni kwenye kona ya fremu ili kifunike kidogo, na jioni nzima nilicheka kwa sauti habari za bei ya mbolea ili asiangalie juu.

Alhamisi nikaenda kwa fundi wa picha.

Huyu ana chumba kwenye ujia wa jengo moja mjini, upana wa choo, na humo ndani anapiga picha za pasipoti, anachapisha vyeti, analaminisha, anauza vifuniko vya simu. Sakafuni amechora mstari mwekundu wa rangi. Kamera yake imefungwa kwenye stendi iliyopigwa misumari, na lenzi yake ni moja tangu ajipange kimaisha. Mteja anasimama kwenye mstari. Ukiwa mfupi, anakuongezea kiti. Ukiwa mrefu, unakunja magoti. Nilimuuliza ni milimita ngapi. Akasema hajui, na wateja pia hawajawahi kuuliza, wanauliza tu kama itatoka leo. Nilimdharau sana. Vidole vyangu vya mikono na miguu visingetosha kuhesabu video nilizoangalia kuhusu lenzi, na huyu bwana alikuwa amemaliza mjadala wote kwa kopo la rangi.

Aliskani picha kwenye mashine, akaangalia tundu nililomwambia ni la panya, akaniangalia mimi.

"Panya wa kwenu ana rula?"

Alisema hawezi kurudisha mikono ambayo hana, ila kwenye kompyuta yake ana mikono ya watu wengine, akatafuta, akapata, akabandika. Hakuniruhusu nichungulie, alisema nikimsimamia kompyuta inaganda. Ilipotoka, ilikuwa imejaa. Hakuna tundu. Nilikuwa na furaha kiasi kwamba niliangalia tundu lililozibwa na sikuangalia kilichoziba. Niliweka picha mpya kwenye fremu. Kadibodi yenye Kukhu wa kweli nikaificha chini ya godoro.

Ijumaa ilipita. Nilianza kujiona mtu mwenye bahati.

Jumamosi ni usafi wa mgeni. Akija mtu kutoka ng'ambo, kwetu kila kitambaa cha kochi kinafuliwa, na kila kilichotundikwa kinashushwa kifutwe. Nilijitolea kufuta picha. Mama akasema nifue vitambaa, picha atafuta mwenyewe. Nilikuwa nje kwenye beseni, mikono ndani ya povu, nikamsikia ananiita kwa sauti ya kawaida. Mama akiniita kwa kelele ninaweza kuishi.

Alikuwa amekaa kwenye cherehani yake ya nyumbani na fremu mapajani.

"Njoo unionyeshe," alisema. "Hii ni nini?"

Niliangalia. Kwa mara ya kwanza niliangalia vizuri. Mama, mwenye miaka saba, alikuwa ameshikwa mkono na mkono wa mwanaume. Ulikuwa na saa kubwa ya chuma. Ulikuwa na kafu ya shati jeupe, imefungwa kifungo, inatoka kwenye kigauni cha Kukhu cha mikono mifupi kama nyoka kutoka kwa gunia.

Nilisema labda Kukhu aliazima saa.

Mama akasema saa tuiache. Akaweka kidole kwenye kafu. Akasema hiyo kafu ina matundu mawili ya kifungo na imeshonwa kwa mashine ya kiwanda, na kwamba mama yake aliondoka mashambani huko Soy kuja studio siku hiyo akiwa na nguo moja, ambayo yeye Mama anaijua uzi kwa uzi kwa sababu ndiyo aliyojifunzia kushona akiitia viraka. Alisema yote hayo bila kupandisha sauti. Mimi nilikuwa nadondosha povu kwenye simenti aliyoipiga deki.

Halafu akafungua droo ya cherehani, akatoa mkebe wa vifungo, na kutoka kati ya vifungo akatoa kile kipande. Mikono miwili imeshikana. Kilikuwa safi.

Alisema alikipata Jumatano asubuhi mlangoni, nilipokidondosha nikitoka mbio. Alikuwa amerudi kuchukua futi yake ya kupimia. Siku tatu alikuwa ananingojea. Alitaka kuona nitakuja lini kumwambia, na badala yake akaletewa karani wa benki.

Akaniambia nilete ile nyingine. Nilitoa kadibodi chini ya godoro. Alibandua mabaki ya selotepu yangu taratibu, kwa kucha, akamwangalia Kukhu kwa muda. Nilimngoja alie ili nami nipate pa kuanzia. Hakulia. Aliinua kadibodi akaiweka mbele ya jicho lake, akaninyooshea tundu.

Aliniuliza nimechagua gani. Nikasema ya kiberiti. Akaniuliza kwa nini. Nilikuwa na sababu saba za mtandaoni, zote zina maneno ya kupendeza, na hakuna hata moja iliyokubali kutoka. Nikasema, kwa sababu ukiwa na hiyo watu hawakuoni.

Alisimama akanijia, kadibodi bado jichoni, mpaka nikaona kope zake kwenye tundu, kati ya Kukhu na yeye mwenyewe wa miaka saba. Na hivi ndivyo alivyosema, neno kwa neno:

"Mpigie mjomba wako umwambie alete ya kizibo. Na picha ya kwanza utanipiga mimi, umesimama hapa hapa, karibu hivi, mpaka nikusikie ukipumua. Ukinikata hata kidole, inaenda Kesses."